Kabla Hujasema "Punguza Uzito"

Ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko wote kliniki ndio unaosaidia kidogo kuliko wote: "Mama, punguza uzito." Husemwa macho yakiwa kwenye faili na kalamu ikiendelea kuandika, na mgonjwa anaitikia "sawa sista" kwa sababu hakuna jibu jingine la adabu. Akitoka mlangoni hajui leo afanye nini ambacho jana hakukifanya. Miezi mitatu baadaye anarudi ameongeza kilo mbili, au harudi kabisa, nasi tunaandika kwamba hafuati ushauri. Ushauri upi? Aliambiwa aende wapi, njia hakuonyeshwa.

Mtu wa miaka 45 au 55 ambaye nguo zimemkataa anajua kuwa ameongezeka. Kioo kimemwambia, ndugu wamemwambia, na pengine ameshajinyima chakula zaidi ya mara moja. Asichokuwa nacho ni mtu wa kukaa naye dakika kumi na tano amsaidie kuona ni kitu gani kilibadilika maishani mwake tangu uzito uanze kupanda. Swali hilo, "nini kilibadilika?", ndilo uti wa mgongo wa kazi hii. Karibu yote yanayofuata hapa ni namna ya kuliuliza vizuri na kulijibu kwa vitendo.

Muuguzi asiyejua mwili wa umri huu unapitia nini atamlaumu mgonjwa bila kukusudia. Kwa wastani mtu wa umri wa kati huongezeka kama nusu kilo kwa mwaka. Mwaka mmoja hakuna anayeona. Miaka kumi ni kilo tano, na mwenyewe anaapa kwamba chakula chake ni kilekile, na mara nyingi anasema kweli. Kilichopungua ni misuli, ambayo huanza kupotea taratibu tangu miaka ya thelathini, pamoja na mwendo wa kila siku: kazi imekuwa ya kukaa, watoto wamekua hawakimbizwi tena, goti limeanza kuuma. Wengi huamini kwamba ukivuka miaka 40 mwili unaacha kuchoma chakula. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliowapima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba ukishazingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, matumizi ya nishati hukaa palepale kati ya miaka 20 na 60. Baada ya 60 ndipo hushuka, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Mwambie mgonjwa habari hii. Misuli na mwendo ni vitu anavyoweza kuvirudisha, kitu ambacho mwenye kuamini kwamba mwili wake umeharibika hawezi hata kukijaribu.

Kwa wanawake kuna jambo jingine juu ya hilo. Ukomo wa hedhi huja kwa wastani karibu na miaka 51, lakini homoni huanza kuyumba miaka kadhaa kabla. Estrojeni ikishuka, mafuta yaliyozoea kukaa mapajani na kwenye makalio huanza kujilundika tumboni, kuzunguka ini na utumbo. Kwa hiyo mizani inaweza kusoma kilo zilezile huku kiuno kimepanuka sentimita kadhaa, na ni mafuta hayo ya tumboni yanayohusiana zaidi na kisukari, presha na ugonjwa wa moyo. Kilo zenyewe zinatokana zaidi na umri kuliko na ukomo wa hedhi. Pale zinapokaa ndipo homoni zinapoamua. Na tiba ya homoni kwa ajili ya vipindi vya joto na jasho la usiku hainenepeshi kama inavyodhaniwa, wala si dawa ya kupunguza uzito. Mama ambaye daktari ameona tiba hiyo inamfaa, kisha akaikataa kwa hofu ya kunenepa pekee, anateseka bure.

Sasa chumba. Mizani ikae pembeni, mahali ambapo foleni haioni namba wala haisikii ikisomwa kwa sauti kwa mwenzako anayeandika. Iwe na uwezo wa angalau kilo 200, ikae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na ikaguliwe mara kwa mara kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Kiti kimoja kisiwe na mikono. Mtu aliyebanwa na kiti tangu anaingia ameshaambiwa kitu kabla hujafungua mdomo.

Mkanda wa mashine ya presha nauzungumzia peke yake maana hapa makosa hufanyika kila siku. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda wa kawaida wa watu wazima unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 27 hadi 34. Mkono wa 35 hadi 44 unahitaji mkanda mkubwa. Ukiufunga mdogo kwenye mkono mnene, presha inasomeka juu kuliko ilivyo, wakati mwingine kwa tofauti inayotosha kumwanzishia mtu dawa asiyoihitaji. Pima mzunguko wa mkono mara moja, andika saizi ya mkanda wake kwenye jalada la faili, na muuguzi wa zamu ijayo hatabahatisha.

Kiuno ni kipimo kinachodharauliwa, na kwa umri huu kinasema mengi kuliko mizani. Mgonjwa asimame miguu ikiachana kidogo, mikono ikining'inia, tumbo limelegea. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Weka futi katikati ya hapo, iende sambamba na sakafu pande zote, iguse ngozi bila kuibana. Apumue kawaida, nawe usome mwishoni mwa pumzi inayotoka. Kosa la kawaida ni kupima pale mshipi wa suruali unapokaa. Kwa mwanamume mwenye kitambi, hapo ni chini ya tumbo lenyewe, na namba inatoka nzuri na ya uongo. Shirika la Afya Duniani huchukua sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume kuwa mwanzo wa hatari, 88 na 102 kuwa hatari kubwa. Kwa watu wenye asili ya Asia hutumika viwango vya chini zaidi kwa wanaume. Kipo pia kipimo ambacho mgonjwa hakisahau: kiuno kisifike nusu ya urefu. Akate kamba yenye urefu wake, aikunje katikati iwe nusu, aizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, ana kazi ya kufanya, na mwezi ujao ataona mwenyewe bila kupanda mizani yoyote.

Kabla ya kumwingiza mtu kwenye habari ya chakula, jiulize kama kilichoongezeka ni mafuta kweli. Mafuta hayaji kwa siku tatu. Uzito uliopanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu uhesabu kuwa ni maji mpaka ithibitike vingine. Bonyeza kwa kidole juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi tano, uone kama shimo linabaki. Uliza kama analalia mito mingi, kama anahema akipanda ngazi, kama mkojo una povu. Huyo ni wa daktari leoleo. Tumbo linalokua peke yake huku uso na mikono vikikonda, kushiba baada ya tonge chache, kujisikia limejaa kila siku kwa wiki kadhaa: kwa mwanamke wa umri huu lazima ovari zichunguzwe, na kumwambia "ni umri tu" ni kumpotezea miezi ambayo hatairudisha. Uchovu, kusikia baridi wenzake wakisikia joto, choo kigumu, ngozi kavu: omba kipimo cha tezi ya shingo. Michirizi ya zambarau tumboni, michubuko inayotokea kirahisi, mapaja yasiyoweza kumnyanyua kwenye kiti: hiyo ni dalili ya homoni ya kotisoli kuzidi, na swali la kwanza ni kuhusu vidonge vya steroidi na krimu za ngozi zenye steroidi ambazo mtu hazihesabu kuwa dawa. Na mwanamke wa miaka 46 ambaye hedhi imepotea miezi mitatu anaweza kuwa mjamzito. Kipimo cha mkojo huchukua dakika chache.

Kisha mfuko wa dawa. Mwombe aje nazo zote, zile za hospitali na zile alizonunua mwenyewe, azitoe mezani. Zinazoongeza uzito ni nyingi kuliko tunavyokumbuka: insulini, vidonge vya kisukari kama glibenklamidi na pioglitazoni, prednisoloni, dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini, klozapini na kwetiapini, mirtazapini na amitriptilini, valproati ya kifafa, gabapentini na pregabalini za maumivu ya neva, propranololi na atenololi, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Dawa za virusi vya ukimwi zenye dolutegraviri nazo zimehusishwa na kuongezeka uzito. Linganisha tarehe dawa ilipoanza na wakati nguo zilipoanza kubana. Vikiendana, mwandikie daktari hoja fupi yenye tarehe na kilo, aone kama kuna dawa mbadala.

Usimwambie mgonjwa aache dawa, hata kwa wiki moja ya majaribio. Prednisoloni iliyotumika kwa wiki kadhaa ikikatishwa ghafla inaweza kumwangusha mtu kwa presha kushuka. Propranololi ikikatishwa ghafla inaweza kuleta maumivu ya kifua kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kifafa kikikosa dawa, degedege hurudi. Sema hivi: "Dawa hii inakusaidia, na ni kweli inachangia uzito. Tutazungumza na daktari. Wewe endelea nayo mpaka tukuambie." Sentensi hiyo humwondolea mtu lawama ya miaka, na ukimtazama utaona mabega yakishuka.

Mazungumzo yenyewe yaanze kwa ruhusa. "Mama, ungependa leo tuzungumze kidogo kuhusu uzito, au kuna jambo jingine linalokusumbua zaidi?" Swali hili lina mlango wa kutokea, na lazima liwe nao. Akisema si leo, itikia, andika, umuulize tena safari ijayo. Anayekataa akaheshimiwa mara nyingi huja kufungua mwenyewe. Anayelazimishwa hujifunza kuikwepa kliniki, na hapo tutakosa pia kumpima presha, sukari na saratani ya shingo ya kizazi. Tumia maneno "uzito wako" na "afya ya kiuno". Neno "mnene" liache, na utani juu ya mwili usiingie chumbani hata kama mgonjwa ndiye aliyeuanza. Mara nyingi anajitania ili usimtanie wewe.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, namna ambayo baadaye aliiendeleza pamoja na Stephen Rollnick na sasa inafundishwa kwa wauguzi wa fani nyingi. Msingi wake ni kwamba mtu huziamini sababu zinazotoka kinywani mwake kuliko zinazotoka kinywani mwa mtaalamu. Ukimsukuma, atatetea kubaki alipo, na kila anavyotetea ndivyo anavyojishawishi. Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya yeye ndiye aseme. Muulize: kutoka 0 hadi 10, kubadili jambo hili kuna umuhimu gani kwako sasa? Akijibu 4, usiulize kwa nini si 8, maana utaletewa orodha ya vikwazo. Uliza "Kwa nini 4, isiwe 1?" Hapo atasema mwenyewe: anahema akipanda ngazi, baba yake alikatwa mguu kwa kisukari, anataka kumbeba mjukuu. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema. Hayo ndiyo utakayomrudishia siku atakapokata tamaa.

Ndipo ulete lile swali. "Nguo zilianza kubana lini? Wakati huo maisha yalikuwaje?" Kisha nyamaza. Sekunde kumi za kimya ni ndefu kwa muuguzi mwenye foleni nje, lakini jibu lenye faida huwa liko upande wa pili wa kimya hicho. Alihamishiwa zamu za usiku. Alifiwa. Alistaafu. Anamuuguza mzazi na hula kinachobaki, saa nne usiku, akiwa amesimama. Kila jibu lina mpango wake, na ndiyo maana karatasi moja ya ushauri iliyochapishwa kwa wote haifanyi kazi. Anayepata usingizi wa saa tano tu kwa sababu ya jasho la usiku ukimpa orodha ya vyakula umebisha mlango usio wake. Usingizi mfupi huongeza njaa, na tiba ya lile jasho ndiyo hatua ya kwanza. Anayekoroma kwa nguvu na kusinzia mchana anahitaji kuchunguzwa kama pumzi inakatika usingizini. Aliyeacha sigara huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza. Mwambie wazi kwamba kuacha kulikuwa uamuzi bora kuliko hizo kilo, umwambie mapema, kabla hajairudia sigara ili apungue.

Ukitaka kumpa maelezo, uliza kwanza anajua nini, mpe kidogo, kisha muulize ameyachukuliaje. Mhadhara wa dakika kumi kuhusu vyakula humfanya mgonjwa akubali kila kitu ili uishe.

Lengo nalo lina hesabu yake. Wengi huja wakitaka kurudi kwenye uzito wa siku ya harusi. Mwenye kilo 84 akipungua asilimia 5, yaani kilo 4 na robo hivi, presha na sukari kwa kawaida huanza kuonyesha nafuu. Katika utafiti wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, washiriki waliokuwa karibu kupata ugonjwa huo walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kujishughulisha dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58, wakati kidonge cha metformini kilipunguza kwa asilimia 31. Kwa mwenye goti bovu nampa hesabu nyingine: kila kilo moja inayotoka mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Huyo hakumbuki asilimia, lakini hilo atalikumbuka akishuka ngazi.

Kuhusu chakula, tafuta kitu kimoja au viwili vyenye nishati nyingi ambavyo mtu havihesabu. Mara nyingi ni vinywaji na mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4, kama kilokalori 16. Vijiko vitatu katika vikombe vinne kwa siku ni karibu kilokalori 190. Kijiko cha chakula cha mafuta, ya aina yoyote, ni karibu kilokalori 120, na anayemimina kutoka kwenye chupa hajui amemimina vijiko vingapi. Mwambie apime mafuta kwa kijiko kwa wiki moja kabla ya kupunguza chochote. Kuona tu humfanya apunguze. Pombe ina kilokalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta, na watu husahau kabisa kuitaja mpaka iulizwe bila kuhukumu. Sahani iwe nusu mboga, robo wanga, robo chakula chenye protini, na ukubwa wa sahani nao uangaliwe, kwa sababu robo ya sinia ni mlo wa watu wawili.

Protini wengi wa umri huu hula kidogo, hasa asubuhi, kisha misuli ndiyo inayolipa. Anayepunguza uzito alenge kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake, igawanywe kwenye milo yote. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja zaidi ya 20. Mwenye ugonjwa wa figo asipewe hesabu hii bila daktari.

Kwenye mazoezi tumekuwa tukiahidi kisichokuwepo. Kutembea nusu saa kwa mtu wa kilo 80 hutumia kama kilokalori 140, karibu sawa na zilizomo kwenye kopo moja la soda la mililita 330. Aliyeambiwa kwamba kutembea kutamkondesha ataacha wiki ya sita mizani ikigoma. Mwambie ukweli: kutembea kunalinda moyo, kunashusha sukari, kunaleta usingizi, na kunasaidia sana kilo zilizotoka zisirudi. Zile dakika 150 kwa wiki zinaweza kugawanywa kumikumi. Kinachosahaulika ni mazoezi ya nguvu, mara mbili kwa wiki, na hayahitaji ukumbi. Kiti imara kiegemezwe ukutani, miguu ichanuke upana wa mabega, mikono ikunjwe kifuani. Asimame kwa hesabu ya mbili, akae polepole kwa hesabu ya nne bila kujitupa, mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja au mbili, arudie. Goti likiuma aongeze mto kwenye kiti ili asikae chini sana. Asibane pumzi wakati wa kunyanyuka, hasa mwenye presha. Akifika mara 12 bila kuchoka, ashike chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono. Kwa mikono, asukume ukuta kwa kiwango hichohicho. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri mpaka ishuke.

Lipo jambo ambalo wanawake hawalisemi: mkojo. Anayevuja akikohoa au akitembea haraka hawezi kufuata ushauri wa kutembea, na atakuambia "sina muda" maisha yake yote. Uliza kwa upole, peke yenu: "Kina mama wengi wa umri huu mkojo huwatoka kidogo wakikohoa au wakiharakisha. Wewe inakutokea?" Akikubali, mfundishe kubana misuli ya nyonga kama anayezuia upepo usimtoke, bila kubana makalio wala tumbo, kila mara sekunde chache akielekea kumi, mara 8 au zaidi, mara tatu kwa siku, kwa angalau miezi mitatu. Asifanye zoezi hilo katikati ya kukojoa. Kupungua uzito nako hupunguza kuvuja, kwa hiyo mambo haya mawili yanabebana.

Yanayoharibika yanajulikana, na mgonjwa ayajue kabla hayajamkuta. Wiki ya kwanza kilo mbili hutoka haraka, nyingi zikiwa maji yanayoshikiliwa na akiba ya wanga mwilini. Wiki ya tatu kasi hiyo hupungua, naye hudhani ameshindwa. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku kwa maji na chakula tu, kwa hiyo ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula. Anayeruka mlo wa mchana hulipa usiku kwa riba. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula bila dawa kurekebishwa sukari yake ya damu inaweza kushuka mno: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa, kuanguka. Huyo arekebishiwe dozi na daktari kabla ya mpango kuanza, na atembee na kitu cha sukari mfukoni. Anayetumia dawa za presha akipungua anaweza kuanza kupata kizunguzungu anaposimama. Mpime presha akiwa amekaa, kisha amesimama.

Vidonge na majani ya kukondesha vinavyouzwa bila usajili ulizia kila mara. Vingine vimekutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara ya moyo, na vingine ni vya kuharisha tu, vinavyotoa maji na potasiamu na kuacha mafuta palepale. Dawa mpya za sindano kama semaglutidi zinafanya kazi kweli: katika utafiti wa 2021 watu walipungua kwa wastani kama asilimia 15 katika wiki 68. Lakini waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Zinahitaji daktari, ufuatiliaji na mazoezi ya nguvu, maana misuli nayo hupungua.

Kurudi kwa kilo si uvivu. Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washindani wa kipindi cha televisheni cha kupunguza uzito nchini Marekani na kuripoti mwaka 2016 kwamba miaka sita baadaye miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikitumia kwa siku kilokalori zipatazo 500 chini ya ilivyotarajiwa. Mwili uliokondeshwa hujihami. Lengo la nusu kilo kwa wiki, au hata chini ya hapo, linatosha.

Mwisho wa mazungumzo mgonjwa akuambie kwa maneno yake mmekubaliana nini. Andika kwenye faili hatua moja, isiyozidi mbili, yenye siku, muda na kiasi: "Kusimama na kukaa kitini mara 8, seti mbili, Jumanne na Ijumaa kabla ya kuoga. Sukari kijiko kimoja badala ya vitatu." Andika pia sababu yake, mjukuu au goti, pamoja na kiuno cha leo. Mpigie simu baada ya wiki mbili. Dakika tatu zinatosha. Akirudi baada ya wiki nne, asipandishwe mizani kwanza. Akae, uifungue faili mbele yake, umuulize: "Mama, kile kiti cha Jumanne na Ijumaa kimekwendaje?"